Kinyama kwanza: kwa daktari kijana anayetaka kupasua saratani huku Tabora

Kila likija kundi jipya la madaktari tarajali, hakosi mmoja au wawili wa kunifuata baada ya raundi na kuuliza: "Daktari, nataka kubobea kwenye upasuaji wa saratani. Nianzie wapi?" Wengi wanategemea niwatajie chuo na ada. Hayo nitayasema, tena upesi. Ila nimeona niandike kwa urefu kwa sababu sehemu kubwa ya jibu haiko chuoni. Iko kwenye kikopo cha fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama ya kupimwa, kwenye karatasi ya rufaa, na kwenye uwezo wako wa kuizuia mikono wakati ndugu wa mgonjwa wanakusihi ukate leo leo.

Msimamo wangu ni huu. Upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya kumponya mgonjwa wa saratani. Ukikosewa, wa pili unakuwa mgumu: kovu limeshavuruga kila kitu, huoni tena mpaka wa uvimbe, na pengine seli zimeshapelekwa mahali ambapo hazikuwepo. Kwa hiyo mpasuaji wa saratani mimi simpimi kwa kasi ya mikono. Nampima kwa alichoamua kabla mgonjwa hajaingia theta, yaani chumba cha upasuaji. Huu ni ugonjwa gani hasa? Umefika wapi? Na je, kisu ndicho kinachotakiwa kuanza?

Habari za shule

Shahada ya udaktari ni miaka 5, utarajali mwaka 1, halafu usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Baada ya hapo unasoma ubingwa wa upasuaji wa jumla, au wa magonjwa ya wanawake ikiwa moyo wako uko huko. Vyuo vinajulikana: MUHAS Dar es Salaam, CUHAS pale Hospitali ya Bugando, Mwanza, KCMC Moshi na vinginevyo; hesabu miaka 3 au 4. Ipo pia njia ya COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka 1999. Huko unafundishwa ukiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, miaka 2 hadi mtihani wa kwanza na mingine 3 hadi ubingwa kamili. Ubobezi wa saratani unakuja juu ya hayo, na wengine huutafuta nje, kwa mfano hospitali ya saratani ya Tata Memorial, Mumbai, India.

Kuna jambo vijana wanalichanganya. Ubingwa wa onkolojia unaosomwa MUHAS, ambao mazoezi yake makubwa yako Taasisi ya Saratani Ocean Road, ni wa mionzi na dawa. Ni kazi nzuri sana, lakini siyo hii ya kisu. Jua unachokiombea nafasi kabla hujajaza fomu.

Na usidhani saratani itakusubiri mpaka uwe mbobezi. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet Oncology ilikadiria kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wagonjwa wapya milioni 15.2 wa saratani duniani mwaka huo wangehitaji upasuaji katika hatua fulani ya matibabu, na chini ya robo ya wagonjwa ndio hupata upasuaji ulio salama, wa wakati na usiowafilisi. Hao wengine wote wako wapi? Wako kwenye foleni za hospitali zetu: Kitete, Nkinga kule Igunga, Ndala, Sikonge, Urambo. Anayewaona kwanza ni wewe, daktari wa kawaida, siku ambayo bingwa hayupo.

Lingine la kukumbuka ni jiografia. Kwa wagonjwa wetu mashine za mionzi ziko mbali, kama Mwanza na Dar es Salaam. Kila unachoamua hapa unakiamua ukijua kwamba mama wa Kaliua atapanda gari mpaka Tabora mjini, kisha basi la Nzega na Shinyanga mpaka Bugando, akiwa na kidonda na begi moja.

Uvimbe usio na majibu

Sheria yangu wodini ni fupi: kinyama kwanza, yaani kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe maabara kabla ya upasuaji. Uvimbe ambao haujapimwa na mwanapatholojia, yule daktari anayesoma nyama kwa darubini, ni uvimbe tu, hata kama wewe na mimi tunauona kwa macho kwamba ni saratani. Kuna mitego ambayo mkoa wetu unaitega kila wiki, nitaje ile inayoumiza zaidi.

Mama ananyonyesha, titi limevimba, jekundu, lina moto. Jipu. Mara nyingi kweli ni jipu, na ukilipasua anapona. Lakini yupo yule ambaye unapasua, usaha unatoka kijiko kimoja, ndani kuna nyama ngumu, na ngozi imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Huyo amekuja na antibayotiki za duka la dawa za aina zote, na ziwa haliponi. Kila ukipasua jipu la ziwa, ingiza kidole. Ukikuta ugumu, kata kipande cha ukuta upeleke maabara. Na jipu ambalo halijapona wiki mbili baada ya kupasuliwa vizuri, usimwandikie mama antibayotiki nyingine. Kata kinyama.

Mtego wa pili ni mkojo wa damu. Huku kwetu mzee akikojoa damu, kila mtu ana jibu tayari: kichocho. Anapewa prazikwanteli, damu inapungua kwa muda, inarudi, anapewa tena. Kichocho ni kweli kipo. Tatizo ni kwamba kichocho hicho hicho cha mkojo, kikikaa kwenye kibofu miaka mingi, ni chanzo kinachojulikana cha saratani ya kibofu. Kwa hiyo jibu sahihi la jana linaweza kuwa kosa leo. Aliyevuka miaka 40 na damu imerudi baada ya dawa, apigwe ultrasaundi ya kibofu na apelekwe kwa mwenye kamera ya kuingiza kwenye njia ya mkojo. Muulize pia kama anavuta sigara. Tabora tunalima tumbaku kuliko mkoa mwingine wowote nchini, na watu wanajibu swali hilo kana kwamba umewatukana shamba. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Wa tatu ni mama anayetoka damu nje ya siku zake, au aliyekoma hedhi na damu imerudi. Ultrasaundi inaonyesha uvimbe kwenye kizazi, na daktari mwenye haraka anampanga kutolewa kizazi. Hakuna aliyeweka spekulamu, kifaa cha kufungulia uke, kuangalia shingo ya kizazi. Majibu yanarudi baadaye kwamba ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi, nayo imekatwa katikati. Hii ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Ikiwa changa kabisa, upasuaji wake ni mwingine kabisa, mkubwa zaidi na wenye mipaka mipana, kwa mkono unaojua. Ikishavuka hatua za mwanzo, tiba yake ni mionzi pamoja na dawa, na kisu kilichotangulia kinamvurugia mtu wa mionzi hesabu zake zote. Spekulamu inachukua dakika chache. Ukiwa huko, muulize pia kama ana binti. Chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikatolewa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Kwa wanawake wakubwa kipimo cha kupaka siki kwenye shingo ya kizazi kinafanyika mpaka vituo vya afya.

Halafu kuna mtoto wa taya. Hapa naomba unisikilize kidogo, kwa sababu kisa chake ni cha mpasuaji mwenzetu. Denis Burkitt alitoka Ireland, akafanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika kuhusu watoto wanaovimba taya kwa kasi ya kutisha, meno yakilegea, jicho likisukumwa nje. Wakati huo wengi waliona ni visa mbalimbali visivyohusiana. Yeye akatengeneza vipeperushi vyenye picha, akavituma hospitali nyingi za Afrika akiuliza: mmewahi kuona hii? Mwaka 1961 akaingia garini na wenzake wawili, wakatoka Kampala, wakapita Tanganyika kuelekea kusini, safari ya takribani kilomita 16,000, wakiingia hospitali moja na kutoka nyingine, nyingi zikiwa za misheni, wakihoji na kuchora ramani. Ramani ikaonyesha kwamba uvimbe unafuata ukanda wa joto na mvua, kule ambako malaria haikauki. Mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakakiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Na tiba? Burkitt mpasuaji aliona mwenyewe kwamba kisu hakimfikishi popote, ila dawa kama saiklofosfamaidi ziliyeyusha uvimbe kwa namna ambayo haikutarajiwa.

Kazi iliyompa Burkitt jina aliifanya kwa maswali na kwa gari bovu, kisu kikiwa kimewekwa chini. Mtoto wa hivyo akikujia kutoka Uyui, usijaribu kukwangua taya. Chukua kinyama kidogo siku hiyo hiyo, mpime na tumbo, kisha piga simu Bugando kabla jua halijazama, maana uvimbe huu unaweza kukua maradufu ndani ya siku chache.

Namna ya kukichukua

Kinyama nacho kina ufundi wake. Kwenye titi tumia ile sindano nene inayokata kipande, kwa ganzi ya kawaida. Mama anarudi nyumbani mchana huo huo. Kwenye kidonda, chukua ukingoni ambako ugonjwa uko hai. Katikati utapata uozo, na maabara watakuandikia "nyama iliyokufa". Kwenye mkono au mguu, kata kwa kufuata urefu wa kiungo, usikate kwa kupingana nao, kwa sababu atakayekuja kutoa uvimbe wote lazima aondoe na kovu lako. Jiulize kabla hujagusa: mpasuaji wa mwisho atapita wapi? Kovu langu litakuwa ndani ya njia yake au nje?

Sasa fomalini. Ninajua hakuna aliyekuja udaktari kwa kupenda fomalini. Lakini hapa ndipo wagonjwa wengi wa mikoani wanapopotezewa matibabu bila mtu kujua. Ile inayokuja kwenye madumu ni kali. Inachanganywa sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji. Ujazo wake uwe mara 10 ya nyama. Titi zima lililosukumwa kwenye kikopo cha mililita mia mbili halihifadhiwi, linaoza kwa ndani huku nje likionekana sawa, kwa sababu fomalini huingia polepole, takribani milimita 1 kwa saa. Titi likatwe kwa upande wa nyuma vipande vya unene wa sentimita moja hivi bila kuitenganisha ngozi, ili dawa ipenye. Tumia ndoo yenye mdomo mpana. Chupa yenye shingo nyembamba inaingiza nyama laini, na ikishakuwa ngumu haitoki bila kupasua chupa. Jina la mgonjwa liandikwe kwenye mwili wa chombo, kifuniko hubadilishwa. Funga uzi mfupi upande wa juu na mrefu upande wa kwapa, kisha uandike hivyo kwenye fomu, ili mwanapatholojia akikuambia ukingo fulani una saratani ujue ni ukingo upi.

Na nyama iingie kwenye fomalini ndani ya saa moja tangu itoke mwilini, isikae kwenye bakuli mpaka orodha ya siku imalizike. Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu ya kidonge kimoja. Saratani ya titi hupimwa vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni. Vikiwepo, mama anaweza kutumia tamoksifeni, kidonge kimoja kwa siku kwa miaka 5 au zaidi, bei yake ni ndogo, anakimeza akiwa nyumbani Sikonge bila dripu wala mionzi. Nyama ikioza, kipimo kinaweza kusoma "hakuna" wakati vipo, na mama amenyimwa dawa ambayo ni rahisi kuliko zote anazoweza kupata. Hakuna atakayekuja kukulaumu. Ndiyo maana nasema mapema.

Kata kiasi gani

Kijana akianza kupata mikono anapenda upasuaji mkubwa. Ni kawaida. Kule Baltimore, Marekani, kuanzia miaka ya 1880, mpasuaji William Halsted alikuwa akiondoa titi, misuli ya kifua na tezi zote za kwapa kwa pamoja, akiamini kwamba ukikata kwa upana wa kutosha saratani haina pa kukimbilia. Dunia ilimfuata kwa karibu miaka mia. Kisha Bernard Fisher huko Marekani akaanzisha mwaka 1971 jaribio la kulinganisha upasuaji huo na mdogo zaidi, na Umberto Veronesi wa Milan akachapisha mwaka 1981 matokeo ya kutoa sehemu tu ya titi na kuongeza mionzi. Wanawake waliishi sawasawa. Misuli yote ile ilikuwa imeondolewa bure.

Lakini usiichukue habari hii na kuitumia Tabora bila kufikiri. Kuhifadhi titi kunataka mionzi baadaye, kila siku ya kazi kwa wiki 3 hadi 5. Ukitoa uvimbe tu halafu mama akashindwa kufika Mwanza, umemwachia hatari ambayo kutoa titi lote kungeipunguza. Mimi huwaeleza njia zote mbili na gharama ya kila moja, pamoja na malazi. Wengi huchagua titi litoke. Nauheshimu uamuzi huo, kwa sharti kwamba wameusikia uchaguzi mwingine.

Ukiingia kwapani, heshimu mishipa miwili ya fahamu unayoisoma kwenye anatomia, hasa ule mrefu wa kifuani. Ukiukata, bega linanyanyuka nyuma. Huyu mama analima, anabeba ndoo kichwani, anapanga majani kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku. Bega lake ndilo mshahara wake. Aanze mazoezi ya mkono mapema, na mrija wa kutoa maji usiutoe kwa sababu tu kitanda kinahitajika.

Ngozi ndiyo sehemu ya kazi hii inayonipa furaha zaidi, nayo haipewi sifa yoyote. Watu wenye ualbino wanapata saratani za ngozi mapema, usoni, masikioni, mdomoni, shingoni. Ikiwa ndogo, ganzi na kisu kidogo vinamaliza ugonjwa wote, na hahitaji kwenda popote. Ikiachwa inakula sikio mpaka mfupa. Wakija kwa malaria au kwa mafua, waombe wavue kofia, uangalie nyuma ya masikio. KCMC Moshi hutengenezwa mafuta ya kuzuia jua ya Kilisun kwa ajili yao. Ulizia namna ya kuyapata kwa wagonjwa wako. Vilevile kidonda kilichoota juu ya kovu la zamani la moto, ambacho mgonjwa anakifunga kitambaa mwaka wa ngapi sijui: kinyama, ukingoni.

Tezi dume nitaisema kwa sentensi chache. Mwaka 1941 Charles Huggins alionyesha kwamba kuondoa homoni ya kiume kunairudisha nyuma saratani iliyosambaa, na akapata Nobel mwaka 1966. Kwa mzee ambaye sindano za homoni ni ghali kwake, kutoa korodani kwa ganzi ya mgongoni bado ni tiba halali. Maumivu ya mifupa yanaweza kupungua ndani ya siku chache. Mazungumzo yake ni marefu kuliko upasuaji wenyewe, na yafanyike bila wakwe kuwepo.

Ndani ya theta

Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani isomwe kwa sauti. Kuna mabingwa wanaoidharau wakisema ni mambo ya Ulaya. Waambie kwamba miongoni mwa hospitali 8 zilizoijaribu kabla haijasambazwa, moja ilikuwa Ifakara. Matokeo yalichapishwa 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara kutoka 11 hadi 7. Damu iwe imeshapatikana kabla ya mgonjwa kulazwa mezani; kituo cha damu salama cha Kanda ya Magharibi kiko hapa hapa Tabora, hatuna kisingizio. Na mtaalamu wa usingizi akikwambia mgonjwa huyu leo hapana, ni hapana. Saratani ya titi haiui kwa sababu ya kusubiri siku nne presha ishuke.

Ukimaliza, andika ulichoacha. "Upasuaji umeenda vizuri" si taarifa. Andika ukubwa wa uvimbe kwa sentimita, ulikuwa umegusa nini, tezi zilikuwaje, na kama kuna kipande kilichobaki ukutani, kiseme waziwazi. Atakayempokea Mwanza hana macho yako.

Kuzungumza

Hili halifundishwi vya kutosha, nami sidhani linafundishika darasani. Kaa naye tu. Mtoto mkubwa wa mgonjwa atakuvuta pembeni: "Daktari, mama mwambie ni jipu tu. Akijua atakufa kwa presha." Usimkaripie, anampenda mama yake. Lakini usikubali pia. Nenda kitandani, amkia kwanza. Kama anaongea Kinyamwezi, hata "mwangaluka" yako mbovu itamfanya acheke. Kisha uliza:

"Shikamoo mama. Majibu ya kinyama yamerudi. Ungependa nikueleze wewe mwenyewe, au kuna mtu unataka asikie kwanza?"

"Marahaba mwanangu. Nieleze mimi. Huyu naye akae hapa."

Mara nyingi huwa hivyo. Mama alishajua kitambo, ni watoto ndio waliokuwa hawajui kwamba anajua. Tumia neno lenyewe, saratani au kansa, halafu nyamaza. Usilifunike kwa maelezo ya dakika kumi. Kama lugha ni tatizo, tafuta muuguzi anayeijua. Usimtumie mjukuu wa darasa la saba kutafsiri habari ya kizazi cha bibi yake.

Usiwagombeze waliotokea kwa mganga. Ukimgombeza, kesho atarudi kwa mganga kwa sababu kule hakugombezwa. Muulize tu alitumia nini, maana dawa nyingine zilizopakwa zimechoma ngozi ambayo ungeihitaji kufunga kidonda.

Rufaa

Kumpa mgonjwa karatasi si kumpa rufaa. Kabla hajaondoka piga simu unakompeleka, ujue siku ya kliniki. Ambatanisha majibu ya patholojia na namba ya kipande kilichohifadhiwa maabara, ili wasianze upya kumkata. Mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii akiwa bado wodini, azungumze habari ya msamaha, bima na nauli. Uliza nani atakwenda naye na watoto watabaki na nani. Wakulima wa tumbaku watakuomba wasubiri mpaka wauze. Usikatae kwa hasira, angalia ugonjwa. Upo unaoweza kusubiri wiki tatu, na upo ambao soko likifunguliwa mgonjwa hayupo. Mwambie ni upi wake.

Wapo ambao hawatapona, na hao pia ni wako. Mpasuaji anayewakwepa wagonjwa wake wasioponyeka akapita haraka kitandani mwao wakati wa raundi, namwona, na wagonjwa wanamwona. Mzee ambaye koo la chakula limeziba anaweza kuwekewa mpira wa tumboni ili asife kwa kiu. Mama mwenye kidonda cha titi kinachonuka anaweza kusagiwa vidonge vya metronidazoli vikanyunyizwa juu, na harufu ikapungua mpaka wajukuu wakarudi kukaa naye. Maumivu yapewe mofini ya maji, kila saa 4, bila kusubiri maumivu yarudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Ndugu watasema hiyo ni dawa ya kufia. Kaa nao ueleze, kisha mwone mgonjwa akilala usiku mzima kwa mara ya kwanza. Kuanzia hapo ndugu ndio watakaokukumbusha dozi.

Wewe mwenyewe

Mgongo utauma. Simu italia usiku, mara nyingi kwa ajali za bodaboda na tumbo lililoziba kuliko kwa saratani, kwa sababu mkoani mpasuaji ni mpasuaji wa yote. Fedha si za kukutajirisha; rafiki yako aliyeenda Dar atakupita mapema, na mwenzi wako aambiwe ukweli huo kabla ya harusi. Tafuta mkubwa mmoja Bugando au Ocean Road ambaye unaweza kumtumia picha na majibu jioni ukamuuliza, na usione haya kuuliza kitu kidogo. Mgonjwa mgumu ajadiliwe na watu zaidi ya mmoja hata kama kikao chenyewe ni wewe, mtu wa maabara na daktari wa wanawake mkiwa kwenye chai.

Na nunua daftari kubwa leo, usisubiri mfumo wa kompyuta. Jina, kijiji, tarehe kinyama kilipoondoka, tarehe kiliporudi, kilisema nini, ulikata nini, kingo zilikuwaje, umempeleka wapi. Kisha ongeza safu ambayo madaftari mengi hayana: alifika? Ijumaa mchana, theta ikiwa imetulia, piga simu. Utakuta mmoja ameanza dawa, mwingine yuko kwa shangazi yake Nzega kwa sababu nauli iliishia hapo, na wa tatu simu haipatikani. Huyo wa Nzega bado anaweza kuokolewa kwa simu moja ya ustawi wa jamii. Kwa ajili ya yule asiyepatikana, siku ya kwanza chukua namba tatu: yake, ya ndugu, na ya mwenyekiti wa kitongoji.